Leza ya kuondolea kutu inafaa kusafishia sarafu za kale za Kilwa?

Fundi wa Shangani, Mtwara

Wakuu salaam. Naombeni msaada wa wanaojua metali na leza kwa undani, maana hili jambo likikosewa halirekebishiki.

Kuna kikundi cha urithi Kilwa kimekusanya sarafu ndogo za shaba nyekundu zilizookotwa ufukweni na mashambani kwa miaka mingi. Zipo 31. Wanataka maandishi yasomeke ili ziorodheshwe vizuri kabla ya kukabidhiwa makumbusho. Nyingi zina upana wa sentimita 2 hivi, nyembamba, uzito karibu gramu 2, na zimefunikwa ganda la kijani lililoshikana na mchanga na chokaa ya matumbawe. Sita kati yake zina madoa ya kijani kilichopauka yanayotoa unga. Ukizigeuza, unga unabaki kwenye karatasi. Pembeni zipo heller 9 za Mjerumani kutoka Mikindani, hizo zina kutu ya kawaida, taji na mwaka vinaonekana kwa mbali.

Mashine zilizopo huku ni mbili. Ya kwanza ni leza ya kushika mkononi ya kuondolea kutu kwenye mabomba, wati 1500, mwali wake haukatiki. Ya pili ni ya kuchorea nembo kwenye chuma: wati 20, nanomita 1064, inatoa mapigo ya takriban nanosekunde 100, unaweza kuanzia 20 kHz (mapigo 20,000 kwa sekunde) kwenda juu, na mwali unaongozwa na vioo.

Nataka kujua ipi kati ya hizi inaweza kutumika, kwa vipimo gani, na kama leza hiyohiyo inaweza kutuambia sarafu ina nini ndani: shaba tupu, risasi, bati au fedha. Pia kuna wanaosema ndimu na chumvi zinatosha. Tatu zimeshasuguliwa hivyo.


Msangamkuu

Mkuu, ile ya wati 1500 iondoe kabisa kwenye hesabu. Gramu 2 za shaba zinahitaji jouli 0.77 tu kupanda nyuzi moja ya Selsiasi. Chukulia sarafu inameza sehemu ya kumi tu ya mwali, yaani wati 150: joto lake linapanda karibu nyuzi 195 kila sekunde. Na ganda la kutu linameza zaidi ya hiyo sehemu ya kumi. Kijani cha kawaida cha shaba, malakaiti, kikifika karibu nyuzi 350 kinapoteza maji na kaboni dayoksaidi na kuwa oksidi nyeusi ya shaba. Kwa hiyo ndani ya sekunde mbili una kidonge cheusi, na ukiendelea kidogo kingo zinayeyuka. Mashine hiyo imetengenezwa kwa bomba la chuma lenye unene wa milimita kadhaa linalosambaza joto.

Kabla ya kufika kwenye ile ya pili, kuna jambo la kuelewa, kwa sababu ndilo linaloamua kila kitu. Kwenye sarafu iliyokaa ardhini karne nyingi, uso wa asili mara nyingi haupo tena kwenye metali. Upo ndani ya kutu. Kwa juu kuna mchanga na chokaa, chini yake malakaiti ya kijani, chini yake safu nyembamba nyekundu-kahawia ya kupriti, kisha ndiyo shaba yenyewe ambayo imeliwa na haina umbo la kueleweka. Umbo la herufi limehifadhiwa kwenye ile safu ya kupriti. Anayesafisha mpaka shaba ing'ae amefuta maandishi, hata kama sarafu inapendeza machoni.

Na kwa sarafu za Kilwa maandishi ndiyo kila kitu. Hazina mwaka wala jina la mji zilikotolewa. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu yenye kina kimoja na jina hilo, kama "Ali bin al-Hasan" na "yathiqu bi-mawla al-minan". Hakuna nukta za herufi. Jino moja dogo katikati ndilo linalotenganisha Hasan na Husein, na urefu wa jino hilo juu ya uso wa sarafu unaweza kuwa sehemu ndogo sana ya milimita.

Sasa mashine ya wati 20. Kipimo cha kuangalia ni jouli kwa kila sentimita ya mraba kwa pigo moja, si wati. Kwa kutu ya shaba kazi hufanyika kati ya 0.5 na 1.5 J/cm², kutegemea ganda. Ukiitumia kama ilivyo kwa kuchora nembo, kwa 20 kHz na nguvu yote, kila pigo lina milijouli 1. Doa la mwali kwenye fokasi ni kama milimita 0.05, hivyo unapata zaidi ya 50 J/cm². Hapo unachonga, husafishi. Shusha nguvu hadi asilimia 10, pigo libaki na milijouli 0.1, kisha toa sarafu nje ya fokasi mpaka doa liwe milimita 0.15. Hesabu inakuja karibu 0.57 J/cm². Hapo ndipo pa kuanzia.

Upana wa doa usiukisie. Chukua karatasi ya risiti ya EFD, ile inayogeuka nyeusi kwa joto, iweke mahali sarafu itakapokaa, piga pigo moja moja ukiwa umeinua au kushusha meza, kisha pima alama chini ya hadubini ya USB. Kosa la kupima doa linaumiza mara mbili, kwa sababu eneo linakwenda kwa mraba: doa likiwa nusu ya ulivyodhani, nguvu ni mara nne.

Weka mapigo yaachane milimita 0.1 na mistari iachane 0.1. Kwa 20 kHz hiyo ni kasi ya milimita 2000 kwa sekunde. Sarafu yote inachukua mapigo kama 31,000, sekunde moja na nusu tu, na nishati yote ni jouli 3 hivi. Hata ikimezwa yote, sarafu inapanda nyuzi 4. Linganisha na ile ya wati 1500. Ila baada ya kila mzunguko simamisha, pulizia vumbi, angalia kwa hadubini, ndipo uamue kama kuna mzunguko mwingine. Usiweke mizunguko kumi kwa mpigo mmoja ukaenda kunywa chai.

Mashine za uhifadhi hutumia leza aina ya Nd:YAG yenye mapigo ya nanosekunde 5 hadi 10, na tofauti si ndogo. Kwa pigo la nanosekunde 8 joto linazama kwenye shaba safi kama mikromita 2. Kwa nanosekunde 100 ni karibu 7. Maana yake mashine yenu inapika zaidi chini ya ganda. Ndiyo maana nasema ianze na heller moja iliyochakaa, na ijaribiwe pembeni kabisa, eneo la milimita 2 kwa 2. Ukiona uso umegeuka mweusi au zambarau, simama: malakaiti au kupriti inaungua. Ukiona vitone vinavyometa chini ya hadubini, metali imeanza kuyeyuka.

Kuna faida moja ya asili kwenye nanomita 1064: shaba safi inarudisha zaidi ya asilimia 95 ya mwali huo, ilhali udongo na oksidi nyeusi vinaumeza. Kwa hiyo uchafu unaondoka na metali inabaki, hadi kiwango fulani. Lakini kupriti ni tatizo. Kwenye 1064 inapitisha mwali mwingi, hivyo joto linaweza kutokea kwenye mpaka wake na shaba na kuirusha yote kama kibanzi, pamoja na herufi. Kwenye nanomita 532, ya kijani, kupriti inameza sana na unaiondoa bila kutaka. Hakuna urefu wa wimbi unaokulinda peke yake. Kinacholinda ni kusimama mapema.


Bi Hadubini

Nakubaliana na Msangamkuu, naongeza upande wa uchambuzi maana ndio unaotakiwa kutangulia. Usisafishe kitu ambacho hujui kimetengenezwa na nini.

Njia ya leza inaitwa LIBS. Pigo moja la milijouli 20 hadi 50, la nanosekunde chache, linakazwa kwenye doa la milimita 0.1 hadi 0.2. Hapo kinachoguswa kinageuka plazima yenye joto la kiasi cha nyuzi 10,000, na mwanga wa plazima hiyo unaingizwa kwenye spektromita, chombo kinachotenganisha mwanga kwa urefu wa mawimbi yake, kwa waya wa nyuzi za kioo. Kila elementi ina mistari yake. Shaba ina 324.75 na 327.40, pia 510.55, 515.32 na 521.82. Risasi 405.78. Bati 283.99 na 317.50. Fedha 328.07 na 338.29. Zinki 481.05. Kalisi ya matumbawe 393.37 na 396.85. Sodiamu 589.0 na 589.6. Zote ni nanomita.

Mashine yenu ya kuchorea haiwezi kazi hii kama ilivyo. Cheche utaiona, lakini mapigo ni dhaifu na ya haraka mno, na bila spektromita inayofunguka kwa wakati wake utapata mwanga mweupe tu. Mwanga wa mwanzo kabisa wa plazima hauna mistari. Unasubiri kama mikrosekunde 1 baada ya pigo ndipo usome. Na usiipime shaba kwa 324.75 kama kiasi ni kikubwa: atomi baridi za pembeni mwa plazima zinameza mwanga wa zile za katikati na mstari unabonyea katikati yake. Tumia ile mitatu ya 510 hadi 521.

Uzuri wa LIBS kwa sarafu yenye kutu ni kwamba inashuka. Ukipiga mapigo 30 hadi 50 mahali pamoja, kila pigo likichimba takriban mikromita 1 kwenye shaba na zaidi kwenye kutu laini, unapata picha ya tabaka. Mapigo ya kwanza yataonyesha kalisi, sodiamu, silikoni na chuma, yaani ufukwe wenyewe. Halafu kalisi inashuka na shaba inapanda. Mistari ikitulia, haibadiliki tena kwa mapigo kama kumi mfululizo, hapo umefika kwenye metali halisi, na hizo ndizo namba za kuzingatia. Fanya hivyo ukingoni, mbali na herufi. Shimo linabaki na upana wa nywele mbili tatu, kwa hiyo hata kwa idhini usipige zaidi ya pointi tano.

Kwa nini pointi tano na si moja? Risasi haichanganyiki na shaba ikipoa. Inajikusanya kwenye vitone vidogo kati ya chembe za shaba. Pointi moja ikiangukia kwenye kitone utasema sarafu ina risasi nyingi, ikikikosa utasema haina kabisa. Na kama hamna vipande vya kulinganishia vyenye mchanganyiko unaojulikana, jibu lenu ni "ipo" au "haipo". Msiandike asilimia.

Bunduki ya eksirei, ile inayotumika kupimia dhahabu kwenye masoko ya madini, ni rahisi zaidi kuipata kuliko LIBS na haichimbi shimo. Ila inasoma makumi machache tu ya mikromita ya juu. Kwenye sarafu yenye ganda inapima ganda. Kama ni bronzi, shaba imeshachuruzika na bati limebaki juu, itakupa bati jingi kuliko ukweli. Tena hakikisha imewekwa kwenye programu ya aloi za shaba. Ile ya dhahabu inalazimisha hesabu ya dhahabu na namba zake hapa hazina maana. Chombo hicho ni chanzo cha mionzi, kinatumiwa chini ya leseni ya TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kwa hiyo apime mwenye kibali, si kuazima mtaani.

Kloridi, chumvi inayokula shaba na kuacha ule unga wa kijani, ndiyo inayonihangaisha zaidi kwa zile sita. Klorini ina mstari 837.59 lakini hewani ni hafifu sana. Pale penye kalisi, na kwenu ipo ya kutosha, tafuta mkanda mpana karibu na 593.5 na mwingine 621: huo ni wa kalisi na klorini zilizoungana kwenye plazima inapopoa, unaonekana vizuri kuliko klorini peke yake. Mkipata Raman, kipimo kinachosoma mwanga wa leza hafifu unavyotawanywa na kitu, ni bora zaidi, kwa sababu inataja kiwanja chenyewe. Kupriti inaonekana karibu na 218, malakaiti 433, na atakamaiti, yaani unga wa kijani wenye kloridi, 513; hizi ni cm⁻¹, si nanomita. Mwambieni mpimaji aweke nguvu chini ya miliwati 1, la sivyo leza ya Raman yenyewe inaiunguza kupriti na spekta itaonyesha oksidi nyeusi ambayo haikuwepo.


Fundi wa Shangani

Asanteni sana, hesabu za Msangamkuu zimenifungua macho. Sasa hizi sita zenye unga: nizipige leza kwanza au niziache? Na zile tatu za ndimu na chumvi zifanyweje?


Nangurukuru

Ziache. Leza haitibu huo ugonjwa, na huenda ikauficha mpaka sarafu itakapobomoka ndani ya boksi.

Unga huo wa kijani kilichopauka ni matokeo. Chanzo kipo chini, kwenye mashimo, karibu kabisa na metali: kloridi ya shaba, kijivu, laini kama nta ukiigusa kwa ncha ya sindano. Ikikutana na unyevu na oksijeni inageuka unga wa kijani na kutoa asidi ya haidrokloriki. Asidi inakula shaba, inatengeneza kloridi mpya, na mzunguko unaendelea. Leza inaondoa unga wa juu, haifiki kwenye shimo. Zaidi ya hapo, mkiondoa ganda la juu mnaifungulia mlango kloridi iliyokuwa imefunikwa.

Kinachousimamisha ni ukavu. Unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 42 mwendo wake unakaribia kufa. Mkilenga 35 mko salama. Pwani ya Lindi na Mtwara unyevu mara nyingi unapita 70, kwa hiyo sarafu iliyowekwa kwenye droo, bahasha au kabati la kioo inaendelea kuliwa usiku na mchana. Fanya hivi leo kabla ya kufikiria mashine yoyote: tafuta chombo cha plastiki ngumu chenye mfuniko wa mpira wa kubana, kile cha kuhifadhia chakula. Weka silika jeli gramu 20 kwa kila lita ya ujazo. Kwa vyombo vinavyofunguliwa mara kwa mara weka mara mbili. Ndani weka kipima unyevu kidogo cha betri. Sarafu zikae kwenye mifuko midogo ya polithini iliyotobolewa, kila moja na namba yake. Zile sita zikae chombo chao.

Jeli ya rangi ya chungwa ikibadilika kuwa kijani, au ya bluu ikawa waridi, imeshiba. Itandaze kwenye trei, ovena nyuzi 110 hadi 120, saa mbili au tatu, iache ipoe ndani ya chombo kilichofunikwa. Ukiipandisha joto zaidi rangi ya kiashiria inaharibika na hutajua tena imeshiba lini. Jua la mchana halitoshi kuikausha, hata liwe kali vipi, kwa sababu hewa yenyewe imejaa maji.

Usitumie boksi la mbao, hata liwe la mninga zuri. Mbao hutoa mvuke wa asidi ambao unaila risasi iliyomo kwenye sarafu. Mifuko ya PVC, ile laini yenye harufu ya pazia la bafuni, nayo inatoa asidi. Pamba na gazeti vinavuta unyevu.

Kuhusu ndimu, chumvi, ukwaju, siki na majivu: jamani, naomba iishie hapo. Asidi ya ndimu haichagui, inayeyusha malakaiti na kupriti pamoja, na kupriti ndiko herufi ziliko. Chumvi inaingiza kloridi mpya kwenye kila tundu. Ni kuipandikizia sarafu nzima ugonjwa ule wa zile sita. Hizo tatu zioshwe: maji ya betri, yaani maji yaliyokenekwa, mililita 100 kwa kila moja, dakika 20 hadi 30, badilisha maji mara kadhaa. Kuwa mwangalifu dukani, chupa ya asidi ya betri inafanana sana na ya maji. Soma lebo, kisha chovya kipima TDS, kinachopima chumvi zilizoyeyuka majini: kisome karibu na sifuri. Endelea kubadilisha mpaka maji yanayotoka yasome karibu sawa na yaliyoingia. Halafu chovya sarafu kwenye asetoni dakika 5, mara mbili, ifukuze maji, kisha ingia moja kwa moja kwenye chombo cha silika. Usiianike.


Mwenge wa Mikindani

Nangurukuru, mbona umeiruka sodiamu seskwikaboneti ya asilimia 5? Ndiyo dawa iliyozoeleka ya kutoa kloridi.


Nangurukuru

Imezoeleka, ni kweli, na inatoa kloridi. Lakini inachukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, huku maji yakibadilishwa kila wiki. Katika muda huo inatoa pia shaba kutoka kwenye ganda na inaacha kiwanja cha bluu-kijani cha sodiamu na shaba kinachobadilisha sura ya uso. Kwa sarafu nyembamba ya gramu 2 ambayo maandishi yake yamo ndani ya kutu, siipendekezi.

Ninachopendekeza kwa zile sita ni benzotriazoli, dawa inayozuia shaba isiliwe, gramu 3 kwenye mililita 100 za ethanoli, sarafu izame saa 24. Kabla ya hapo unga unatolewa kwa mkono, chini ya hadubini, kwa mwiba wa nungunungu au kijiti kilichochongwa. Ncha hiyo ni ngumu kuliko unga lakini laini kuliko kupriti. Baada ya saa 24 suuza kwa ethanoli uondoe chembe nyeupe zinazobaki juu. Kisha ziweke saa 24 kwenye chombo chenye kitambaa kibichi pembeni, bila kuzigusa: doa jipya la kijani angavu likichomoza, rudia. Shimo lisilokubali baada ya kurudia linaweza kujazwa oksidi ya fedha iliyolowanishwa kwa ethanoli, ikandamizwe kwa kijiti. Inaungana na kloridi na kuziba. Benzotriazoli ni sumu. Glavu za nitrili, na dirisha wazi.


Msangamkuu

Naongeza la kupaka, kwa sababu pwani lina mtego wake. Mwisho wa kazi sarafu hupakwa Paraloid B-72, plastiki angavu ya kukinga uso, asilimia 3 hadi 5 kwenye asetoni, mikono miwili myembamba. Kwenye hewa yenye unyevu asetoni inavukiza haraka, uso unapoa, umande unanasa ndani ya mpako na sarafu inatoka na ukungu mweupe. Watu wanadhani dawa imeharibika. Dawa ni nzima, tatizo ni hewa. Pasha sarafu hadi nyuzi 40 kwa taa kabla ya kupaka, fanya kazi kwenye chumba chenye AC iliyowashwa muda wa kutosha, na ukungu ukitokea futa kwa asetoni urudie.

Usalama wa leza sikuuandika mwanzo na ni kosa kuuacha. Mwali wa 1064 hauonekani. Unapoingia jichoni unakusanywa kwenye retina na kuitoboa kabla hujapepesa, na sarafu iliyoanza kung'aa inaurudisha popote. Miwani lazima iwe imeandikwa 1064 na OD (kiwango cha kuzuia mwali) 6 au zaidi. Miwani ya jua na ngao ya kuchomelea hazihesabiki. Mashine ifungwe kwenye kisanduku, pete na saa zivuliwe, dirisha lizibwe. Moshi unaotoka una shaba, kloridi na mara nyingine risasi na aseniki. Weka kivuta moshi chenye chujio la HEPA sentimita chache kutoka kwenye sarafu na vaa barakoa ya FFP3. Barakoa ya kitambaa haichuji kitu hapa. Na kama unalowanisha uso kwa brashi ili kutu iruke kirahisi, tumia maji ya kukenekwa, si ethanoli: cheche moja inatosha kuwasha.


Bi Hadubini

Kabla hamjagusa chochote, la kisheria. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 ni cha kale na kinalindwa. Sarafu za masultani wa Kilwa zimo. Kuokota kunaripotiwa, kuchimba bila leseni ni kosa, na kuzitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kwa hiyo hizo 31 taarifa iende Idara ya Mambo ya Kale kwanza, na usafi wowote wa leza au pigo la LIBS liwe na idhini ya maandishi. Heller ni za kuanzia 1904, haziingii kwenye mwaka huo. Ndizo za kujifunzia mashine. Ila heller ya 20 ya mwaka 1916 iliyotolewa Tabora msiijaribie. Ile ya shaba ya njano ina zinki, na zinki inatoka kwanza na kuacha mabaka mekundu ambayo leza inayafanya yawe meusi.

Andikeni mahali kila sarafu ilipookotwa, hata kama ni "shamba la fulani, upande wa mikoko". Sarafu tano za shaba za Kilwa ziliokotwa 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na moja ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe. Zinajadiliwa mpaka leo kwa sababu mahali zilipookotwa panajulikana. Sarafu safi inayong'aa isiyojulikana imetoka wapi haiwasaidii wasomaji wa Kilwa hata kidogo.

Na pengine leza haitahitajika kabisa kwa nyingi. Jaribuni kwanza picha za mwanga wa pembeni: kamera juu, imefungwa isitikisike, taa moja ya LED ikizungushwa pande nane ikiwa imelala karibu nyuzi 15 kutoka mezani, picha moja kwa kila upande. Kwenye ganda jembamba herufi zinajitokeza zikiwa bado ndani ya kutu. Zile zitakazosomeka hivyo zirudi kwenye silika jeli bila kuguswa.


Fundi wa Shangani

Nimeelewa. Silika jeli na vyombo vinanunuliwa leo, zile sita zinatengwa, picha za mwanga wa pembeni zinaanza na heller ili tuzoee taa. Barua ya Idara inaandikwa na kikundi chenyewe. Swali moja limebaki kwa Msangamkuu: kwenye sarafu za fedha vipimo ni hivyohivyo? Ipo moja tunaishuku, nyeusi na nzito kuliko zenzake.


Msangamkuu

Hapana, hiyo iache nje ya leza. Kwenye fedha iliyokaa pwani ganda huwa na kloridi ya fedha, na mwanga mkali unaigeuza kuwa fedha ya unga, kijivu hadi nyeusi, isiyorudi. Apime Bi Hadubini au mwenye eksirei kwanza. Kama ni fedha yenye shaba ndani mtaona kijani kikitoka kwenye nyufa. Kloridi ipo hapo pia, basi ikae kwenye chombo kikavu pamoja na zile sita.